Kengele ya Darasa la Kiingereza

Mhadhiri wetu wa Kiingereza hapa chuoni Makoko hufuta ubao kwa kiganja, kisha hukipangusa kwenye tai. Ukiteleza ukasema Kiswahili darasani, anakuvisha kengele ya ng'ombe shingoni hadi mwenzako naye ateleze. Jumatatu aliyekuwa ameivaa ni mwenzetu Nyangi, ng'ombe akaingia darasani. Mhadhiri akamsihi atoke, kwa Kiingereza kirefu chenye heshima zote. Ng'ombe akatafuna karatasi ya mahudhurio.

"Mwalimu, huyu hajuagi Kiingereza," akasema Nyangi, aliyekuwa huru kusema, maana kengele alishaivaa.

"Toka, wewe," mhadhiri akafoka kwa Kiswahili, na ng'ombe akatoka. Darasa zima likamtazama mhadhiri. Akamvua Nyangi kengele, akajivisha, akageukia ubao kufundisha. Kengele ikalia. Ng'ombe akadhani mwenzake kabaki ndani, akarudi.