Sala ya Kufungua Kikao

Tume ya kuteua majaji ilinichukua kuandika ripoti kwa sababu nina shahada mbili na sentensi zangu hazichechemei. Hakimu mmoja alikuwa amependekezwa kuwa jaji, na dhidi yake kulikuwa na lalamiko moja tu lenye saini, la mama mjane wa karibu na Kagio. Alidai kwamba kesi yake ya shamba ilipokuwa mbele ya hakimu huyo, yeye alimwita mama chumbani kwake hotelini. Hakwenda. Shamba likaenda.

Tulishuka kutoka Nyeri asubuhi, mimi na wakili kijana aliyeongoza uchunguzi. Mama alituandalia chai na viazi vitamu, akaketi ukingoni mwa kiti. Alipanga vikombe, akavipanga tena.

"Mama," wakili akasema, akitaka kumtuliza, "tufungulie kwa maombi."

Kwetu hata mkutano wa mfereji wa maji hauanzi bila sala, na mama alikuwa mwenyekiti wa akina mama kanisani. Alisimama, akafumba macho, na sauti ikamtoka imara. Aliombea safari yetu, mvua, mpunga wa Mwea, viongozi. Kisha, kama afanyavyo kila Jumapili, akafika kwa waliotukosea. Akamtaja hakimu kwa jina. Akamsamehe.

Nikaitikia "Amina" kwa sauti nene ya mtu anayeingia kanisani kwa mazishi tu.

Wakili akawasha kinasa sauti. Mama akakitazama.

"Sasa niseme nini?" mama akauliza. "Nimeshamwambia Mungu nimesamehe. Nianze kushtaki tena, ati Mungu hakusikia?"

"Lakini ilitokea, mama?"

"Ilitokea. Kama haingetokea ningekuwa na nini ya kusamehe?"

"Basi sema hivyo tu, turekodi."

"Zima hiyo kitu. Wewe ndiye uliniambia niombe, mwanangu. Kunyweni chai, inapoa."

Tulimbembeleza mpaka chai ikaisha. Akatusindikiza hadi barabarani. Ng'ambo kulikuwa na shamba la mahindi lenye ua mpya wa seng'enge. Hakulitazama, nasi hatukuuliza.

Niliandika: "Mlalamikaji hakuthibitisha madai." Sentensi safi, haina kosa hata moja.

Siku hakimu alipoapishwa kuwa jaji nilikuwa hotelini mjini Nyeri, televisheni ikiwa juu ya kaunta. Walianza kwa sala. Mhudumu akaitikia, na wateja wote. Mimi sikuitikia. Hilo halikumrudishia mtu shamba.