Sava Iliyojua Kukataa

Nilikuwa Runyenjes juzijuzi asubuhi, nimesimama kwenye kibanda cha chai nikiota mchana kama kawaida yangu, simu ikalia. Alikuwa rafiki yangu mpiga video, ambaye hajawahi kunisalimu bila kunitania. Safari hii alisema tu, "Yule dada wa sava ametuacha." Wasomaji wangu, chai niliiacha pale pale kibandani. Alikuwa ameugua kidogo tu, akalazwa, nasi tukadhani wiki hiyo hiyo atarudi kutugombeza.

Wengi wenu hamkumjua, na sava labda hamjawahi kuiona. Katika jengo letu hapa Runyenjes kuna maduka ya picha na video, na sote huhifadhi kazi zetu kwenye kompyuta moja ya pamoja iliyo chumba cha nyuma, kila duka likiifikia kwa waya. Hiyo ndiyo sava, naye ndiye aliyeitunza. Unapoipelekea faili, kompyuta yako huiambia ukubwa wake, nayo huandika namba hiyo katika nafasi yenye mwisho. Zamani, namba ikizidi nafasi ile, sava haikulalamika. Ilihifadhi kilichoenea, ikaacha kingine nje, kisha ikajibu kwamba yote ni sawa. Jirani yetu mmoja aliamini jibu hilo akafuta kadi ya kamera, na harusi ya watu ikakatika kabla ya kiapo. Dada alipopewa kazi, jambo la kwanza alilofanya ni kuifundisha sava ipime namba kabla ya kupokea chochote, na ikiona imezidi, ikatae faili nzima na kusema wazi kwamba ni kubwa mno.

Sasa, huku kwetu, kwenye ruracio, sherehe ya mahari, hakuna mpiga video anayethubutu kuzima kamera mzee akiwa anaongea. Ni kama kumgeuzia mgongo. Na wazee wakianza, wanaanza kweli. Rafiki yangu aliwahi kurudi na ruracio nzima katika faili moja. Bibi harusi alikuwa yatima aliyelelewa na nyanya yake, na cucu huyo ndiye aliyefunga siku kwa kumwombea kwa Kiembu. Sava ikaikataa faili. Mwenzangu akaenda chumba cha nyuma amekunja uso, nami nikamfuata kwa umbea.

"Dada, mashine yako ina madharau. Ile ya zamani ilikuwa inapokea kila kitu."

"Ilikuwa inapokea. Ilikuwa inaweka?"

"Mimi niko na haraka. Ondoa hiyo kitu yako, ikubali tu."

"Siondoi. Kadi yako iko wapi?"

"Si hii hapa."

"Basi hujapoteza kitu. Kata video mara mbili, ulete nusu kwa nusu. Na upunguze kelele, hii si mkutano wa chifu."

Alipokuwa akikata, dada alituambia mama yake anauza viazi katika soko la Gakoromone, kule Meru. Wakulima humletea lumbesa, yale magunia yaliyojazwa hadi yakashonewa kofia juu. Mama hulikataa gunia likiwa bado miguuni pa mwenyewe. "Akilipokea, litamwagikia njiani," alisema, "na hapo kila mtu ataapa yeye alikuwa mkweli."

Nusu zote mbili ziliingia. Cucu alifariki kabla ya harusi. Siku ya harusi yenyewe ombi lake lilichezwa kanisani, na bibi harusi alisimama akalisikiliza hadi amina, kichwa ameinamisha kana kwamba mkono wa nyanya yake uko juu yake. Ombi hilo lilikuwa mwishoni kabisa mwa ile nusu ya pili.

Tangu hapo nimekuwa nikiwaza jinsi tunavyopenda ndiyo. Fundi anakuambia njoo Ijumaa na anajua Ijumaa atakuwa kwingine. Ukimwomba mtu awe kwenye kamati ya harusi anaitikia kabla hujamaliza, kisha humwoni tena hadi siku ya pilau. Hatuna ubaya. Tunaona haya kukataa, na hapana tumeifanya iwe tusi. Mimi mwenyewe ni bingwa wa ndiyo.

Ndipo mama yake dada, tulipofika Meru kwa mazishi, aliponishika mkono. "Kijana, wewe ndiwe wa kuandika. Utatusomea maisha yake." Nani humkatalia mama aliyefiwa? Ndiyo ilishafika kwenye ulimi. Lakini nilijua sauti yangu itakatika katikati, na watu watakaa pale hawajui yaliyobaki.

"Mama, yote sitaweza," nikamwambia. "Nitafika nusu."

Hakuniachia mkono. "Basi tafuta wa kusoma hiyo nusu ingine. Si ni kusaidiana?"

Nilichojifunza kwa yule dada ni kwamba usichokiweza, kikatae mapema, mwenyewe akiwa bado na kadi mkononi. Nilisoma hadi mahali alipoanza kazi Runyenjes, macho yakajaa. Nikampa karatasi yule mpiga video aliyeiita mashine ya dada yenye madharau. Akasoma taratibu hadi mwisho, na hakuna neno lililomwagika njiani.