Birika la Mama Ayuma na Mvumo wa Laptopu

Leo nimenyamazishwa na birika la chai, na mnajua mimi si mtu wa kunyamazishwa.

Mimi mwalimu wa kwaya na waimbaji wangu tulikuwa kanisani, mtaani Mbotela, kumrekodi Mama Ayuma, kiongozi wetu wa sauti ya kwanza. Mumewe amestaafu kazi ya reli, na kesho wanahamia shambani kwao Vihiga. Ilikuwa leo au basi.

Miksa ya sauti tunayo, laptopu tumeazima. Lakini kila tukirekodi, mvumo! Nyuki ndani ya debe.

Tukabadilisha waya zote. Wapi!

Nikapanda jukwaani. Umeme wa mitaa ya wafanyakazi ni mchafu kwa makusudi, nikasema. Kule kwa matajiri nani anasikia mvumo huu?

"Mwalimu," akaniuliza Mama Ayuma, "na hotuba pia tunarekodi?"

Kwaya ikaangua kicheko.

Mama akachomoa chaja ya laptopu ukutani, akachomeka birika lake la umeme. "Watu hawajanywa kitu tangu asubuhi."

Nikafungua kinywa nimfokee.

Kisha nikasikiliza hedifoni zangu. Kimya. Kimya kabisa!

Mvumo ulikuwa ukipita kwenye chaja. Laptopu ikitumia betri, haupo.

"Mama, zima birika, uimbe! Betri ni ya nusu saa!"

Akaimba nyimbo nne mfululizo, bila kukosea hata neno.

Mnaorekodi kwaya zenu Donholm na kwingineko, chomoeni chaja kwanza, kisha mniandikie. Jumapili wasichana wetu wapya wataanza kujifunza kwa rekodi hii ya Mama Ayuma, yeye akiwa shambani kwake Vihiga.