Wimbo wa Kukaa Chini

Siku niliyosikia mama yangu anachezwa, nilikuwa namsuka mteja. Rasta moja nimeibana mdomoni, nyingine iko kidoleni, na dirisha la saluni liko wazi kwa ajili ya joto la Mbagala. Ikapita bajaji na spika yake, inapiga singeli, ule muziki wa mbio ambao mguu hauwezi kuufuata mpaka akili ijitoe kwanza. Nikasikia ko-ko-ko-ko. Nikasema hii ko naijua. Halafu ikaja sauti yangu mwenyewe, imeminywa mpaka imekuwa nyembamba kama ya katoto: chai imepoa, chai imepoa, chai imepoa. Mteja akaanza kutikisa mabega. Nikamwambia tulia dada, utanikosesha mstari. Sikumwambia kwamba chai ile ilikuwa ya mama yangu, na ilipoa kwa sababu asubuhi ile hakuamka kuinywa.

Nitajaribu kuandika kwa haki. Shule niliishia kidato cha pili na sina uhakika kama mambo haya yanaandikwagwa hivi, lakini nikinyamaza yatanivimba.

Albamu yangu ya kwanza ilikuwa ya mapenzi, na watu waliipenda kiasi chake. Ya pili niliitaka iwe ya nyumbani. Nyimbo zangu nazitunga nikiwa nasuka, maana mikono ikiwa na kazi kichwa kinabaki huru, na mteja ndiye mtihani wangu wa kwanza. Naimba chinichini nyuma ya kisogo chake. Akiendelea kuchezea simu, wimbo bado mbichi. Akiiweka simu mapajani, naanza kuuamini. Wimbo wa mama niliuimba nikimsuka mama mmoja wa makamo. Akaweka simu, akaacha nimalize upande mzima, halafu akauliza, "Alikuwa anaumwa nini?" Wimbo haukutaja ugonjwa popote. Nikajua umeiva.

Tulirekodia Tegeta, chumba cha uani kwa produza mmoja mpole aliyeziba kuta kwa magodoro ya zamani. Yeye alitaka ngoma ya kompyuta. Mie nikataka jiwe. Mama alikuwa mtu wa Kusini, na sie wote alitulea kwa kubangua korosho. Anaiweka korosho juu ya jiwe, anaigonga kwa kigongo, ko, anatoa punje, anaweka nyingine, ko. Tulikuwa tunalala na kuamka na mlio huo. Alipofariki, jiwe lilibaki kwa mdogo wake, mama mdogo ninayeishi naye mpaka leo. Nikamwomba aje nalo studio.

Akaja nalo amelifunga kwenye kanga, na mfuko wa korosho kwapani. Kiti akakikataa, akakaa sakafuni miguu ameinyoosha. Produza akamwomba agonge jiwe tupu, bila korosho, ili sauti iwe safi. Mama mdogo akaniuliza mie, sio yeye, kama huyu kijana kwao kuna watu wanaopiga mawe bure. Ikabidi abangue kweli. Nikaimba kwa kumfuata yeye, sio yeye kunifuata mie, ndiyo maana wimbo ule hauna haraka. Hauwezi kuwa nayo. Anayeharakisha korosho anapasua punje. Tulipomaliza, produza akazila zile punje zote, na mama mdogo akajifunga kanga akaniambia:

"Huu ni wimbo wa kukaa chini. Usije ukaupeleka kwenye shughuli."

Nikamwambia sitaupeleka. Kwetu kuna nyimbo za kusimama na nyimbo za kukaa chini, za msiba, na mtoto anafundishwa kuzitenganisha kabla hajajua kuziimba. Wa kukaa chini, hata ukukute una ndoo kichwani, unatua ndoo unakaa.

Albamu ikatoka. Nilialikwa redio moja, na mtangazaji alinipokea vizuri, hata soda alininunulia. Kipindi karibu chote aliniuliza nina mahusiano na nani. Wimbo wa mama akaupiga mpaka ubeti wa pili, akaukata, akacheka kwamba tukiendelea wasikilizaji wataanza kutandika mikeka. Ana kipindi cha kujaza na mabosi wa kuwaridhisha, hilo nalielewa. Lakini mtu aliyeshindwa kusubiri ubeti wa tatu anapata wapi mdomo wa kusema wimbo unachosha? Mtaani nako wakaniambia ni mzuri, ila wa kuchezeka utatoa lini. Hao hawakuwa na ubaya, na walisema taratibu. Nikaanza kujitilia shaka. Nikasema labda ni mbovu kweli, labda kilichonidanganya ni kilio changu mwenyewe.

Ndipo akatokea didjei wa mtaa wa pili, baba wa watoto wawili, anayepiga muziki kwenye shughuli za Mbagala yote. Akauchukua wimbo, akatoa beti zote, akabakiza jiwe na maneno mawili, akaukimbiza. Haikuchukua muda chai imepoa ikawa salamu. Anayechelewa foleni ya maji anaambiwa chai imepoa. Timu ikifungwa, chai imepoa. Wateja wangu wakanipongeza: "Dada umetisha, kumbe unaweza." Hiyo kumbe ndiyo iliyoniuma. Nyimbo nane nimezitunga kwa vidole vilivyochubuka, lakini kuweza kwangu kumeonekana siku mtu aliponikata ulimi akabakiza kipande.

Ila niseme na hili, nisiwapunje. Siku ile ya bajaji, kabla sijaelewa nasikia nini, mguu wangu chini ya kiti ulikuwa umeshaanza. Didjei yule anajua kazi yake.

Mama mdogo alikuwa hajui lolote. Alikwenda kusaidia kumenya vitunguu kwenye harusi nyumba ya nne kutoka kwetu, mchana, turubai limefungwa barabarani. Wimbo ukapigwa. Wanawake wakainuka wote, wengine na miiko mikononi. Na yeye, aliyekuwa amesimama kando ya sufuria, akalitambua jiwe la dada yake, akakaa chini. Palepale kwenye vumbi, peke yake, katikati ya watu wanaokata viuno, kwa sababu wimbo ule ni wa kukaa chini. Wakadhani presha imempanda. Wakamlaza ubavu, wakampepea na sinia. Mmoja aliyekuwa anampepea, nimesimuliwa, aliendelea kucheza huku anapepea.

Alirudi nyumbani ananuka vitunguu. Hakupaza sauti.

"Umemtoa dada yangu akachezwe."

Nikajieleza. Nikasema sikuutoa, umechukuliwa, siku hizi mtu na kompyuta yake anaweza kuchukua chochote. Akaniuliza hiyo kompyuta iliingiaje chumbani kwake ikalibeba jiwe.

Kesho yake nilikwenda kwa didjei nikiwa nimewaka. Nilimkuta anarekebisha waya wa spika. Akanipisha stuli.

"Sista, wimbo ulikuwa umelala," akasema. "Mie nimeuamsha tu."

"Aliyelala ni mama yangu. Na hakuamka."

Akaweka waya chini. Akasema maneno hakuyasikiliza, asiwe muongo. Alisikia mdundo tu, na ule mstari akauchukua kwa sababu ulikuwa na sauti safi. Nikamheshimu kwa ukweli wake na nikazidi kukasirika. Nikamwambia aufute. Akasema yeye ataufuta wa kwake, lakini uko kwenye simu za watu, na simu za watu sio zake. Hilo nalo ni kweli. Kisha akauliza mama mdogo anapatikana siku gani.

Alikuja Jumapili mchana na kilo ya sukari. Akatoa shikamoo, akavua viatu, na kabla hajaambiwa lolote akakaa chini. Sio kwenye mkeka, kwenye saruji. Mama mdogo alikuwa anatia majivu mikononi, utomvu wa maganda usimuunguze.

"Umekaa mwenyewe au huyu kakufundisha?"

"Nimekaa mwenyewe, mama."

Akaeleza aliyoyafanya, hakujipunguzia. Mama mdogo akamsikiliza mpaka mwisho, akasema basi baba, yameisha, na dada yangu angekusamehe. Akamfungia punje za korosho kwenye gazeti awapelekee watoto. Mie nimesimama mlangoni nashukuru Mungu, nadhani msamaha ukiingia nyumba unagawiwa wote.

Alipoondoka, nikakaa pale alipokuwa amekaa.

"Wewe bado," akaniambia.

Nikauliza kwa nini. Aliyeuharibu amesamehewa kwa kilo ya sukari, na mie niliyeharibiwa ndiye bado?

"Yeye hakuniahidi kitu."

Nikamwambia ahadi sijaivunja. Sijawahi kuuimba kwenye shughuli hata moja, na nilipoombwa nilikataa, aulize popote. Yote hayo ni kweli, na nayarudia hapa kwa sababu ni kweli.

"Uliupeleka kwa watu," akasema. "Watu ndio wenye shughuli."

Hasira yangu haijaisha, na sijui tena niielekeze wapi. Nikimgeuzia didjei, naye ameshakaa chini. Mtangazaji ameshanisahau. Mama mdogo nikimpinga, nakuta nusu ya maneno yake yananishinda. Lakini kama wimbo wa mama haukutakiwa kwenda kwa watu, mie niliutunga wa nini? Niuimbie ukuta? Swali hilo nimemuuliza, na amenijibu kwa kunipa chakula, maana chakula hajaninyima wala salamu hajaacha kuitikia.

Kitu kimoja tu ananinyima. Nikirudi jioni kutoka saluni, namsikia tangu nje, ko, anatoa punje, ko. Nikigusa komeo la mlango, jiwe linanyamaza. Nikiingia nakuta amelifunika kanga, amekaa, mikono yote majivu, ananiuliza habari za kazi.