Jogoo Niliyemchinja Sepuka

Nilitoka Mandewa kwa sababu dada yangu Mariamu, aliyeolewa Sepuka, alikuwa anabatiza mtoto na alitaka niwe baba wa ubatizo. Mumewe, Daudi, hakutaka. Alisema wazi kwamba mtoto wake hawezi kusimamiwa na mtu asiyecheka. Mimi, mzee wa kanisa, ninayefunga na kusali kila alfajiri! Daudi mwenyewe kanisani huonekana Krismasi na Pasaka, tena akisinzia. Nikaenda kumwonyesha wema ni nini.

Jumamosi asubuhi, Singida Mjini, nilipanda lori la magunia. Njia nzima nilijizoeza kutabasamu. Mama mmoja akaniuliza kama jino linaniuma.

Sepuka nilikuta kijiji kizima cha ujamaa kiko shamba la pamoja, wanalima na kuimba. Nyumbani walikuwepo Mariamu na mtoto, na jogoo aliyefungwa mguu mlangoni, kitoweo cha majirani wote siku hiyo. Mariamu alipokwenda kuchota maji, niliona nafasi ya kutenda wema. Nikasali, nikamchinja, nikamnyonyoa, nikambandika jikoni. Aliporudi alishika mdomo, nami nikadhani ni furaha.

Mchana watu walirudi. Mbele alikuwa jirani yao, Mzee Jumanne, na kisu chake kimenolewa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Jogoo yuko wapi?"

"Yuko chunguni. Nimemwombea, nimemchinja, nimewapunguzia kazi."

Kumbe kila jogoo wa wageni pale huchinjwa na Mzee Jumanne, Mwislamu, ili Waislamu na Wakristo wale chungu kimoja. Nusu ya majirani walikuwa wamekosa nyama kwa wema wangu.

Mzee Jumanne akacheka mpaka akashika ukuta. "Mariamu mwanangu, tuletee mlenda."

Waislamu wakakaa kwenye ugali wa uwele na mlenda. Daudi akainuka akawafuata. Wakristo wengine nao wakamfuata Daudi. Nikabaki mkekani mimi na jogoo mzima.

"Kula, shemeji," Daudi akaniambia kutoka kule. "Si umeshamwombea?"

Masikio yaliwaka kwa aibu. Nikamtazama jogoo, nikajitazama mimi, kicheko kikanitoka nisiweze kukizuia. Nikahamia kwenye mlenda. Daudi akasogea kunipisha.

"Haya," akasema, "mtoto utamsimamia."

Jumapili nilimshika mtoto mbele ya mchungaji. Daudi hakusinzia.

Kurudi, juu ya magunia ya vitunguu, niliwaza sana. Miaka yote nilisali ili Mungu aone nilivyo mwema, nikashangaa mbona sina raha. Wale waliacha nyama ili wenzao wasile mlenda peke yao, na raha walikuwa nayo tele. Niliwaonea wivu, nasema kweli.

Nilipofika Mandewa nilimsimulia mke wangu yote, nikamwomba amwalike Mzee Shabani, jirani tuliyepakana naye miaka mingi bila kula pamoja.

"Aje kuchinja?" akauliza.

"Aje kula," nikamjibu. "Ila kisu aje nacho."