Pete Niliyoivisha Kanda

Ukiingia maduka ya vitu vya watoto hapa mtaa wa Yide Lu, Guangzhou, asubuhi, harufu ya plastiki mpya inakupokea mlangoni. Mimi hunirudisha Mombasa, kwenye chumba baridi alichofanyia kazi baba yangu, kilichonuka plastiki na spiriti ya kufutia mashine. Nilikuwa na miaka minane. Mwaka huo ofisi yao, iliyoandikisha makuli wa bandarini, ilileta kompyuta ya kanda za sumaku. Kabla ya hapo, miaka ya utumishi ya kila kuli ilitobolewa kwenye kadi ngumu zilizojaa makabati. Baba na wenzake walishinda msimu wote wa mvua wakizihamishia kwenye kanda, na kadi zilizokwisha zikauzwa kwa wauza njugu, wafungie njugu zao.

Jumamosi moja baba alinichukua kazini, akaniambia nikae kitako nisiguse kitu. Nikagusa. Kila gurudumu la kanda lilikuwa na mfereji mgongoni wa kutilia pete ya plastiki. Likiwa na pete, mashine huweza kuandika juu yake. Likikosa, husoma tu. Hayo niliyajua baadaye. Siku hiyo niliona moja rafuni halina pete, nikaona limeonewa, nikalivisha. Jumatatu mwenzake baba akalipachika kwenye mashine kwa makosa. Bila pete mashine ingekataa. Ilikubali, ikaandika orodha ya meli juu ya majina ya makuli, yakafutika.

Wiki nzima baba alizunguka mjini kununua njugu ili apate kadi, nami nyuma yake na kikapu. Muuza njugu mmoja wa Makadara akamcheka, "Bwana Kompyuta, leo njugu zangu zimekuwa tamu?"

"Zina mchanga," baba akasema. "Nipe zote."

Tulipata kadi thelathini na kitu, zimelowa mafuta. Mzee Hamadi, aliyebeba magunia tangu ujana wake, alikuja mpaka kibarazani kwetu. "Mwanangu, miaka yangu ishirini umeiweka wapi?" Baba aliinamisha kichwa. Mkubwa wake wa kazi alipouliza nani alitia pete, baba alijibu ni yeye mwenyewe. Akafukuzwa. Na alijua vizuri nani mwingine alikuwa chumbani Jumamosi ile.

Juzi nilimhadithia mjukuu wangu Zuhura, anayesomea kompyuta chuo kikuu hapa Guangzhou. Akaniambia, "Bibi, siku hizi kitu kina nakala hata tano. Hakipotei." Nikamwambia vizuri, nyinyi mna bahati. Kisha akauliza, "Babako ulimwambia?"

Sikumwambia. Sitafuti huruma ya mtu. Nilikuwa na muda wa kutosha. Baba aliishi miaka mingi baada ya hapo, akishona viatu vya watu mlangoni kwetu, na kila asubuhi mimi ndiye niliyempelekea chai. Alipokea kikombe, akasema ahsante mwanangu, akarudia sindano yake.