Sikio la Dimbwi

Ilikuwa Alhamisi, saa mbili na nusu asubuhi, mama alipokamua titi lake mbele ya bibi na lisitoe hata tone la kulowesha ncha ya kidole. Saa naijua kwa sababu baba alikuwa ameleta saa ya mezani kutoka Nachingwea, alikokuwa akifanya kazi kwenye mashamba ya karanga, na nyumbani mimi peke yangu ndiye niliyejua kuisoma. Nilikuwa na miaka tisa. Mdogo wangu alikuwa na siku kumi na mbili, na alikuwa akilia kile kilio cha mtoto aliyekwisha kuchoka kulia, chembamba, kinakatika, kinaanza tena.

Haya yote yalinirudia juzi, hapa shuleni. Mafundi walikuwa wanakandika ukuta wa stoo. Wakamwaga maji juu ya udongo mkavu, harufu ikapanda, ikaingia dirishani katikati ya somo la hesabu, na mimi sikuwepo tena darasani. Mwalimu aliniuliza jibu mara mbili. Wenzangu walicheka. Mimi huwa siwezi kujibu hata nikiwa nimesikia, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa. Lakini nyinyi mnaosoma daftari hili nitawaambia nilikuwa wapi. Nilikuwa nimelala kifudifudi juu ya tope lililokauka, shavu langu chini, namtazama bibi yangu machoni.

Kwetu ni Ruangwa, upande wa Narung'ombe. Chini ya mikorosho ya mjomba kulikuwa na dimbwi kubwa. Masika lilijaa hadi kwenye mizizi, yungiyungi zikaota, watoto tukakatazwa kusogea. Kiangazi lilikauka lote. Hapo chini pakabaki uwanja mweupe uliopasukapasuka kama mkate wa mtama ulioiva sana, na ukipita juu yake unasikia joto kwenye nyayo. Mgeni angesema hapana samaki pale. Walikuwepo. Kambare mamba, maji yakianza kuisha, huchimba topeni, akajikunja, akajifunika kwa ngozi nyembamba kama karatasi, akalala huko chini miezi mpaka mvua. Sisi tulikuwa tunavua bila maji.

Nanyi mtaniuliza, mnajuaje amelala wapi? Hapo ndipo palikuwa na kazi ya bibi.

Wanawake walisimama duara, kila mmoja na mchi wake, wakaanza kuigonga ardhi. Mwanzo polepole, hapa tone, pale tone, kama manyunyu. Halafu haraka. Halafu wote pamoja, tupu tupu tupu, mpaka ukifumba macho unaapa kuwa mvua imefika Nanganga na inakuja. Kambare naye aliyelala chini hudanganyika. Hujigeuza, hukoroma mara moja kama mzee aliyeguswa usingizini. Ni sauti ndogo mno. Mtu mmoja hulala katikati ya duara na sikio lake chini, akiisikia husema, "Hapa!" na majembe yanaanza. Huyo mtu aliitwa sikio la dimbwi, na tangu kabla mama hajazaliwa sikio la dimbwi lilikuwa bibi. Kambare wa kwanza alikuwa wake, ampe amtakaye. Na kulikuwa na sharti moja. Likichimbwa shimo likakutwa tupu, basi siku hiyo michi inawekwa chini, kwa sababu kambare waliodanganywa na mvua isiyokuja hunyamaza kabisa, hata upige mpaka jioni.

Supu ya kambare huleta maziwa. Hilo kwetu halikuwa na mjadala. Bibi alipoona titi la mama limekauka hakusema neno la huruma. Alifunga kanga yake kiunoni, akaniambia, "Fidea, twende ukanilalie."

Kumlalia ndiyo kazi niliyokuwa nimepewa tangu mwaka uliopita. Bibi alilala katikati ya duara, nami nikalala mbele yake, uso kwa uso, karibu hata nikinusa tumbaku aliyoiweka chini ya mdomo. Alinifundisha hivi: "Ukimsikia usiseme. Sauti ya mtu humshusha chini. Wewe fumba macho tu, mimi nitaona." Nilipofumba macho, bibi aliinua mkono, akasema, "Hapa!" Sikuwahi kujiuliza kwa nini yeye, mwenye sikio lake, aningoje mimi. Niliona ni namna ya kufundishwa. Kusema kweli niliipenda kazi ile kuliko kitu chochote. Mimi niliyekuwa nikijificha nyuma ya pipa wageni wakija, nilikuwa nimepata mahali ambapo kunyamaza ndiko kunakotakiwa.

Saa nane mchana tulikuwa dimbwini. Wanawake walikuwa saba. Wa kuwataja ni wawili. Bi Somoe, jirani yetu, mwanamke mnene mwenye mdomo usiopumzika, ambaye akizungumza na bibi alikuja kusimama mbele yake kabisa na kupanua midomo kama anayemlisha mtoto. Mimi nilidhani ndivyo alivyozaliwa. Na Asumini, mke mpya wa mjomba, aliyetoka Kilimarondo miezi miwili tu iliyopita, msichana wa kucheka haraka na kukasirika haraka.

"Leo ni wa mzazi," Bi Somoe alitangaza. "Mtu asije akatia jicho kwenye kambare wa mwanzo. Asumini, mchi si mwiko, ushike kwa mikono miwili!"

"Nimeushika, mama. Kwetu tunafukuzia nao tembo shambani."

"Basi hapa hakuna tembo. Hapa tunambembeleza mtu usingizini. Taratibu!"

Wakacheka, halafu wakanyamaza, na manyunyu yakaanza.

Sasa nisikilizeni, maana hili sijamwambia mtu. Kwa siku tatu usiku nilikuwa nimembeba mdogo wangu mgongoni nikizunguka naye chumbani ili mama apate lepe la usingizi. Tope lilikuwa na joto zuri, joto la mwili. Harufu yake ilikuwa ya mvua ya zamani. Juu yangu michi ilianguka laini, tone, tone, halafu mvua ikazidi, na macho ya bibi mbele yangu yalikuwa makubwa na ya kahawia kama maji ya dimbwi lenyewe wakati limejaa. Niliona maji yakipanda. Niliona yungiyungi. Nilihisi kama ninashuka chini, najikunja, na kitu chembamba kinanifunika, na huko chini hapakuwa na kilio cha mtoto wala mtu wa kuniuliza swali.

"Hapa!" bibi alisema.

Nilishtuka. Majembe yalikuwa tayari yanapanda na kushuka. Nikakaa kitako, udongo mdomoni, na kabla sijajua niko wapi nilijua nimefanya nini. Nilikuwa nimefumba macho.

Walichimba mpaka kwenye kiuno cha Asumini. Udongo mweupe ukaisha, ukaja wa kijivu, ukaja ule mweusi wenye unyevunyevu. Hakuna kitu. Hapakuwa hata na kile kitundu chembamba cha pumzi ambacho kambare humwachia mchimbaji kama alama. Wanawake walichimba kwa bidii zaidi, na hakuna aliyemtazama mwenzake.

Asumini akatupa jembe nje ya shimo. "Kwetu Kilimarondo watu wanachimba kaburi kukiwa na maiti," alisema. "Hili tumemchimbia nani?"

"Asumini," Bi Somoe alimwambia kwa sauti ya chini.

"Nauliza tu, mama! Mtoto kule anakufa njaa, leo yote imeharibika. Huyo bibi ana hakika alisikia kitu? Sikio lenyewe si limezeeka?"

Bibi alikuwa amekaa ukingoni mwa shimo, anatazama midomo yao, mara wa huyu, mara wa yule. Uso wake ulikuwa mtulivu, ila vidole vyake vilikuwa vinakunja na kukunjua pindo la kanga. Nikaona atalaumiwa kwa ajili yangu. Mimi ambaye sikuwa nimewahi kutamka neno mbele ya watu saba, nikasimama.

"Bibi hakukosea," nilisema. "Nilisinzia. Mimi ndiye niliyefumba macho."

Asumini alinigeukia. "Ulifumba macho ndiyo nini? Kwani anayesikiliza ni nani, wewe au bibi?"

Nilikuwa na miaka tisa, na nilifikiri ukweli ni kitu cha kumtetea mtu. "Mimi," nikajibu.

Bi Somoe alijifuta mikono kwenye kanga kwa muda mrefu kuliko udongo uliokuwepo. Mwanamke mmoja akakohoa. Asumini alifumba mdomo wake kwa kiganja, na macho yake yakajaa machozi papo hapo, kama mtu aliyekanyaga mtoto wa kuku gizani. "Jua limezidi," Bi Somoe akasema. "Twendeni, jamani." Wakachukua michi yao, wakapita mmoja mmoja, na kila mmoja aliyepita aligusa bega la bibi.

Njiani bibi alinisimamisha, akaushika uso wangu ili auone mdomo. "Umewaambia nini?"

Nikamwambia. Nilipanua midomo kama Bi Somoe, na nilipokuwa nafanya hivyo ndipo nilipoelewa kwa nini Bi Somoe alikuwa akifanya hivyo.

"Ah," bibi alisema. "Basi." Akaniachia uso, akaendelea kutembea mbele yangu, mgongo umenyooka, na mimi nikafuata kivuli chake hadi nyumbani. Jioni hakula. Alimwambia mama, "Watafute sikio lingine," akaingia chumbani kwake. Mtoto alipewa maji ya uji kwa kitambaa, akayatema.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba siku ile nilitoboa siri ya bibi. Nilijichukia kwa hilo. Kuna kurasa humu nimeziandika kisha nikazichana. Nimekuja kuona baadaye sana, nikiwa huku mbali, nikianza kupanga vile vitu vidogo kimoja kimoja: jinsi walivyomgusa bega kabla ya kusema naye, jinsi walivyomwita kwa kumrushia kijiti miguuni badala ya kupaza sauti, jinsi hata mjomba alivyozungukia mbele ili amsalimie. Walikuwa wanajua. Wote, tangu masikio yake yalipoanza kuziba, isipokuwa Asumini aliyekuja juzi, na mimi. Hata nilipokuwa nafumba macho nadhani walikuwa wananiangalia mimi, wakaweka majembe tayari kabla bibi hajainua mkono. Walimwachia kambare wake wa kwanza na jina lake, na bibi akawaachia waamini kwamba hajui kuwa wanajua. Lilikuwa jambo walilolishika watu wengi kwa pamoja, kila mmoja ncha yake, nami nikaja nikalivuta kwa nguvu nikidhani ninasaidia.

Lakini hayo nayajua leo. Asubuhi ile ya Ijumaa sikuyajua. Nilijua tu kwamba mtoto alikuwa ameacha hata kulia, na kwamba bibi hakuwa ametoka chumbani kwake.

Niliamka saa kumi na mbili, nikaenda kwa Bi Somoe. Alikuwa anapepeta mpunga. Nilisimama uani kwake nikapiga hodi, mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu, akanyanyua macho akashangaa.

"Bi Somoe, shikamoo. Bibi anawaita dimbwini."

Ulikuwa uongo. Alinitazama, akautazama ungo wake, akanitazama tena. Midomo yake, ile isiyopumzika, ilikuwa imetulia kabisa.

"Marahaba, mama," alisema mwisho. "Sikio limeita, nani akatae? Mpitie Asumini, mwambie aje na jembe, na aje na adabu."

Asumini alikuwa macho tayari, jembe likiwa limeegemea mlango. Alilitwaa begani akatoka. Kisha nilirudi nyumbani, nikaingia chumbani kwa bibi, nikaushika uso wake kama alivyoushika wangu, nikasema polepole, "Wanawake wanakuita. Wamesema bila wewe hawagongi." Huo ukawa uongo wa pili. Alinitazama kwa muda, sijui alisoma nini. Akanyoosha mkono kutafuta kanga yake.

Dimbwini palikuwa na ubaridi, na umande umelifanya tope liwe na rangi ya majivu. Shimo la jana lilikuwa limefukiwa, sijui ni nani aliyelifukia na saa ngapi. Bibi alilala chini. Nikalala mbele yake. Nikavibana vidole vyangu hadi vikauma, nikayafungua macho yangu yote, na juu yetu mvua ya michi ikaanza, tone, tone, na bibi hakuacha kunitazama, na wanawake wote saba walikuwa wakitazama pembeni, kwenye mikorosho. Niliingoja. Niliingoja mpaka macho yakachuruzika machozi kwa kutopepesa. Halafu huko chini, kushoto kidogo ya shavu langu, mtu mzima fulani akakoroma mara moja na kujigeuza.

Nikafumba macho.